Katika Nyayo za Wanagenzi wa Chatham

Kwa miaka kumi, kuanzia 1874 hadi 1884, mtu yeyote aliyesimama ufukweni Unguja Mjini aliiona. Ilikuwa meli kubwa ya kivita ya mbao, ya zama za matanga, iliyotiwa nanga bandarini kama ngome. Iliitwa London. Humo ndimo kilimokaa kikosi cha wanamaji wa Uingereza kilichofukuza majahazi ya watumwa kati ya Unguja, Pemba na mwambao, na nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipokuwa akilikagua jahazi moja. Ilipozeeka kabisa, 1884, iliuzwa ivunjwe.

Vitabu vyetu vya historia vinamtaja Brownrigg, vinamtaja Sultani Barghash wa Zanzibar, vinataja mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa. Havisemi ni nani aliyelaza mkuku wa meli ile, ni nani aliyechonga mataruma yake, na mafundi hao walijifunza wapi. Meli hiyo iliundwa Chatham, kiwanda cha meli cha serikali kando ya mto Medway kusini mashariki mwa Uingereza, ikashushwa majini Septemba 1840. Walioiunda walikuwa watumishi wa serikali, raia wasiovaa sare, na wengi wao waliingia pale wakiwa wavulana wa miaka 14 au 15, wakafungwa kwa mkataba wa miaka saba chini ya fundi. Leo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza inazungumza juu ya kupanua uanagenzi jeshini na miongoni mwa watumishi wake raia, na mara nyingi inazungumza kana kwamba ni jambo jipya. Njia hiyo ina zaidi ya miaka 300. Inafaa kuifuata kuanzia mwanzo, kwa sababu kila kosa linaloweza kufanywa leo lilikwisha kufanywa humo.

Chatham pamefungwa kama kiwanda tangu 1984, sasa ni makumbusho. Ukipita lango lake la karne ya 18 unakutana na jengo la kusokotea kamba, lenye urefu wa zaidi ya mita 340. Meli moja kubwa ya matanga ilihitaji kamba za kilomita nyingi, na amari ya nanga haiwezi kusokotwa kwenye chumba kifupi, ndiyo maana jengo likarefuka hivyo. Kamba zinasokotwa humo mpaka leo. Mbele kidogo kuna gudi, yaani lile shimo la mawe linalokaushwa maji ili meli itengenezwe tumboni. Manowari Victory, iliyombeba amirali Nelson kwenye vita vya Trafalgar, ililazwa mkuku Chatham 1759 ikashushwa 1765, na inasemekana ilikula miti 6,000 hivi, mingi yake mialoni.

Chini ya sakafu ya karakana moja ya zamani zilikutwa mbao za meli nyingine iliyozaliwa hapohapo, Namur ya 1756. Mafundi walipoivunja walizilaza mbao zake chini ya miguu yao. Katika meli hiyo alitumikia Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa bado mtumwa wa ofisa mmoja wa majini, na ambaye baadaye alijikomboa na kuandika kitabu kilichosaidia kuitikisa biashara ya watumwa. Nilipozitazama mbao hizo niliwaza juu ya watu wawili waliozigusa: mwanagenzi Mwingereza aliyezichonga kwa mkataba, na kijana wa Kiafrika aliyezikanyaga bila mkataba wowote.

Tusiipambe hali ya mwanagenzi wa zama hizo. Ujira wake ulilipwa kwa fundi wake, si kwake. Fundi aliyepewa mwanagenzi alikuwa amepewa pato la pili, na maofisa wasioshika msumeno nao walipewa vijana ili wafaidi ujira wao. Aliyepata kijana mwenye nguvu hakuwa na haraka ya kumfundisha kazi nzito ya akili, kama kuchora mistari ya umbo la meli. Alimwachia kubeba mbao na kutia kalafati. Mwanzoni mwa karne ya 19 serikali ilianza kuuvunja utaratibu huo, ikataka kijana afungwe kwa dola badala ya mtu binafsi. Wakati huohuo, 1801, iliondoa haki ya kale ya mafundi ya kwenda nyumbani na vipande vya mbao begani. Haki hiyo ilikuwa imezidi mipaka: mbao nzima zilikatwa vipande makusudi ili zitoke langoni.

Kutoka Chatham njia inashuka kusini mpaka Portsmouth. Huko kuna habari ya kijana mmoja ambayo kila anayeandika sera ya uanagenzi angepaswa kuijua. John Pounds alizaliwa mjini humo 1766. Baba yake alimwingiza kiwandani akiwa na miaka 12 ajifunze kuunda meli. Miaka michache baadaye alianguka ndani ya gudi akavunjika vibaya, akabaki kilema maisha yake yote. Kazi ya meli ikawa imekwisha kwake. Alijifunza kushona viatu, na katika kibanda chake cha ushonaji akaanza kuwakusanya watoto wa maskini, akawafundisha kusoma, hesabu, kupika na kutengeneza viatu, bila kuwatoza hata senti. Alifanya hivyo mpaka alipofariki 1839, na mfano wake ulichochea shule za bure za watoto fukara kote Uingereza. Kiwanda kilimwangusha na kumwacha. Mwalimu alijitengeneza mwenyewe. Funzo lake ni hili: vijana wanaofanya kazi kwenye vyuma vizito, umeme na baruti wanahitaji kwanza msimamizi anayewatazama, kisha mengine yafuate.

Ndani ya kiwanda hicho cha Portsmouth bado lipo jengo la matofali lililobadilisha maana ya ufundi duniani. Meli moja ya vita ilihitaji makapi, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba, yapatayo elfu moja, na kila kapi lilichongwa kwa mkono. Mwanzoni mwa karne ya 19 Samuel Bentham, mkaguzi mkuu wa kazi za majini, aliukubali mpango wa Marc Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, wa kutumia mashine kwa kazi hiyo. Aliyezitengeneza alikuwa Henry Maudslay. Kufikia 1808 mashine zipatazo 45 zilitoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu kumi wasio na ujuzi mkubwa walifanya kazi ya mafundi 110.

Maudslay mwenyewe alikuwa mtoto wa taasisi za ulinzi. Akiwa na miaka 12 aliajiriwa kwenye ghala la silaha la Woolwich kujaza baruti kwenye risasi. Kutoka hapo alihamishiwa useremala, kisha uhunzi, na kwenye moto wa wahunzi ndipo kipaji chake kikaonekana. Baadaye karakana yake binafsi ndiyo iliyowalea James Nasmyth na Joseph Whitworth, majina makubwa ya uhandisi wa karne ile. Pauni chache za ujira alizolipwa mtoto mmoja pale Woolwich ziliilipa nchi nzima.

Lakini serikali haikujifunza mara moja. Mwaka 1811 ilifungua Portsmouth shule ya uundaji meli, chini ya mwanahisabati James Inman, ili wanagenzi wateule wapate elimu ya juu. Wahitimu walirudi viwandani na hesabu zao, wakakuta wakubwa waliopanda kwa uzoefu hawawataki, na 1832 shule ikafungwa. Ikawa hasara ya kizazi kizima. Ndiyo sababu naiona hatua ya 1843 kuwa kubwa kuliko meli yoyote iliyotoka Chatham. Mwaka huo zilianzishwa shule za wanagenzi ndani ya viwanda vya majini vyenyewe, zikianzia Chatham na Pembroke na kuenea kwingine. Sasa kila mwanagenzi, mtoto wa mchukuzi au wa karani, alikaa darasani sehemu ya wiki: hisabati, mekanika, uchoraji. Mitihani ilikuwa mikali na iliwapunguza kila mwaka. Wachache tu walifika mwaka wa nne. Waliobaki nyuma waliendelea na ufundi wao kwa heshima. Waliofika juu waliweza kufunguliwa mlango wa chuo cha juu cha uundaji meli, kilichoanzishwa upya London 1864 na kuhamia Greenwich 1873.

Tazama matunda yake. Edward Reed, mwanagenzi wa kiwanda cha Sheerness, alikuwa mbunifu mkuu wa meli za jeshi lote la majini kuanzia 1863 hadi 1870. Akafuata Nathaniel Barnaby, mzaliwa wa Chatham, naye mwanagenzi wa Sheerness, aliyeingia mwaka uleule wa 1843. Akafuata William White, aliyeanza uanagenzi Devonport akiwa na miaka 14, akashika usukani 1885. Akafuata Philip Watts, mwanagenzi wa Portsmouth, kuanzia 1902 hadi 1912. Kwa karibu miaka 50 mfululizo, manowari za dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote baharini zilibuniwa na watu walioanza wakishika shoka na patasi. Watts ndiye aliyebuni Dreadnought, iliyolazwa mkuku Portsmouth Oktoba 1905 na kwenda majaribio ya baharini mwaka mmoja tu baadaye, ikizifanya manowari zote duniani zionekane za kale. Sijui wizara nyingine ya zama hizo ambayo iliweza kusema kwamba mkuu wake wa ufundi aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, mara nne mfululizo.

Shule zile zilisaidia pia mabadiliko yalipofika kwa ghafla. Achilles, iliyoundwa Chatham na kushushwa 1863, ndiyo manowari ya kwanza ya chuma kuundwa katika kiwanda cha serikali. Mafundi vyuma walioletwa kutoka nje waligoma 1862. Wakubwa wa kiwanda waliamua kuwafundisha chuma waunda meli wao wa mbao, watu waliozoea mwaloni na kalafati, na wakaweza. Charles Dickens, ambaye baba yake aliwahi kuwa karani wa malipo palepale Chatham, alikuja kuitazama kazi hiyo akaiandika kwa mshangao. Mimi simshangai sana fundi aliyejifunza chuma. Aliyefundishwa 'kwa nini' pamoja na 'vipi' hubadilika.

Njia sasa inaacha maji. Katika vilima vya Buckinghamshire, kaskazini magharibi ya London, kuna Halton, shamba la kifahari lililokuwa la Alfred de Rothschild. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi changa la anga, alikuwa na tatizo la wazi: ndege zilihitaji mafundi wengi, na viwanda vya kiraia havikuwa na mafundi wa ndege wa kumpa. Akaamua kuwalea mwenyewe. Kuanzia 1922 wavulana wa miaka 15 na zaidi waliingia Halton kwa mitihani ya ushindani, wakasoma miaka mitatu, nusu darasani nusu karakanani, na kwenye mkono wa sare wakavaa alama ya gurudumu la shaba. Wenzao wa jeshi la nchi kavu walifunguliwa shule ya ufundi Beachley, karibu na Chepstow, 1924. Jeshi la majini lilikuwa limeanza mapema, 1903, kuwachukua wavulana wa kujifunza ufundi wa injini.

Trenchard aliwekeza fedha kwa watoto wakati bajeti ikikatwa. Kisha vita vya pili vikaja. Thomas Gray, aliyekuwa mwanagenzi wa Halton, alikufa Mei 1940 akishambulia daraja la mfereji wa Albert huko Ubelgiji, akatunukiwa nishani ya Victoria Cross. Maelfu ya wenzake walizifanya ndege zipae kila usiku. Keith Williamson, aliyeingia Halton kijana 1945, alipanda mpaka akawa mkuu wa jeshi la anga zima kati ya 1982 na 1985.

Lakini anayenigusa zaidi ni Frank Whittle, mtoto wa fundi mashine kutoka Coventry. Alifaulu mtihani wa maandishi wa kuingia jeshi la anga, akakataliwa kwa sababu alikuwa mfupi na kifua chake chembamba. Alifanya mazoezi, akaomba tena, akakataliwa tena, akaomba tena, na 1923 akapokelewa kuwa mwanagenzi kwenye kituo cha jeshi hilo huko Cranwell. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa wachache waliochaguliwa kwenda chuo cha maofisa. Akiwa na miaka 21 aliandika tasnifu juu ya ndege zitakazoruka juu sana na kwa kasi ambayo propela haiwezi. Januari 1930 aliomba hataza ya injini ya jeti. Wizara ya anga haikuona maana yake. Mwaka 1935 hataza hiyo ilipohitaji kulipiwa upya pauni tano, Whittle hakuwa nazo, wizara ikakataa kulipa, na hataza ikafa. Aliendelea hivyohivyo. Injini yake iliunguruma mara ya kwanza Aprili 12, 1937, na Mei 15, 1941 ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza ilipaa kutoka Cranwell, uwanja uleule alioingia akiwa mwanagenzi. Mfumo uliomtoa karakanani ukamfikisha kwenye meza ya kuchorea ulikuwa mzuri kuliko wakubwa walioukalia.

Kuna swali ambalo sitalipita. Uingereza ni miongoni mwa nchi chache duniani ambazo bado zinaandikisha jeshini vijana wa miaka 16, kwa ridhaa ya mzazi, ingawa hawapelekwi vitani kabla ya miaka 18. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto imeishauri iache. Mimi nakubaliana na kamati hiyo. Wanaotetea husema kijana hupata ufundi. Ni kweli hupata. Lakini njia tuliyoifuata inaonyesha kwamba Chatham, Sheerness, Devonport na Portsmouth zilitoa mafundi bora wa ulinzi kwa karne kadhaa bila kumvisha mtoto sare. Uanagenzi wa utumishi wa raia ndio shina la kale zaidi katika habari hii yote, na unastahili kupanuliwa kwanza. Na kwa sehemu kubwa ya historia hii mlango ulikuwa wa wavulana peke yao, ingawa wanawake walikuwa wakisokota nyuzi kwenye mashine za kamba za Chatham tangu karne ya 19. Nusu ya vipaji vya nchi iliachwa nje ya lango.

Kisha mlango ukaanza kufungwa. Chatham ilifungwa 1984, na mwaka huo Portsmouth ikapunguzwa kuwa kituo cha matengenezo. Viwanda vya majini vya Devonport na Rosyth vilikabidhiwa wakandarasi 1987. Beachley ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na Halton ikaacha kulea wanagenzi 1993. Kwa wahasibu kila hatua ilikuwa na hoja: meli zimepungua, soko litatoa mafundi, na baadaye, vita baridi vimekwisha.

Gharama ilionekana Barrow, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mahali zinapoundwa nyambizi za nyuklia. Kiwanda ni cha kampuni, lakini mteja wake ni wizara. Nyambizi ya mwisho ya aina ya Vanguard ilimalizika 1999, na kabla ya hapo oda zilikuwa zimekwisha kupungua. Wafanyakazi waliokuwa zaidi ya 13,000 wakabaki elfu chache, wanagenzi wapya wakawa wachache, na wazee wakaondoka na ujuzi wao. Astute, nyambizi ya aina mpya, ilipolazwa mkuku Januari 2001, kazi ilisuasua. Wachoraji walikuwa wanajifunza programu mpya ya usanifu, wachomeleaji wa kiwango cha nyuklia hawakutosha, na hatimaye ikabidi waombwe msaada Wamarekani wa kampuni ya Electric Boat. Meli iliyotarajiwa 2005 iliingia kazini Agosti 2010, na mradi ulizidi bajeti kwa zaidi ya pauni bilioni moja. Fedha zilizookolewa kwa kutofundisha vijana katika miaka ya 1990 zililipwa mara nyingi kwa safari moja.

Tangu hapo gurudumu limegeuka. Aprili 2017 waajiri wakubwa walianza kutozwa asilimia 0.5 ya mishahara inayozidi pauni milioni tatu, fedha ziende kwenye uanagenzi, na taasisi za umma zikapewa lengo la kuwa na wanagenzi wapya wasiopungua asilimia 2.3 ya watumishi kila mwaka. Leo majeshi ya Uingereza ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa wanagenzi nchini humo: mpishi, dereva wa malori, fundi wa mawasiliano, fundi wa helikopta. Upande wa raia, ofisi ya ununuzi wa zana za kivita huko Abbey Wood, Bristol, inawachukua vijana wa uhandisi, uhasibu na usimamizi wa miradi, baadhi wakisoma mpaka shahada. Mkakati wa viwanda vya ulinzi wa 2025 umeahidi vyuo maalumu vya ufundi wa ulinzi.

Ni hatua njema, na nazitakia mafanikio. Ila lengo lile la asilimia lilihesabu wanaoanza. Mfumo wa 1843 ulipimwa kwa waliofika mwisho, na kwa mahali walipofika. Waziri anayetangaza nafasi mpya aulizwe mambo matatu. Ni mafundi wangapi wazoefu waliobaki kiwandani wa kuwafundisha hao vijana, na wanalipwa nini ili wasistaafu kabla ya kazi hiyo? Je, mwanagenzi wa leo anayeanza na bisibisi anaweza, kwa mitihani ya haki, kufika kiti alichokalia Philip Watts? Na bajeti ikibanwa mwaka kesho, ni kitu gani kitakatwa kabla ya uandikishaji wa wanagenzi? Asipokuwa na jibu la swali la tatu, Bunge lisimpitishie mpango huo mpaka aliandike kwenye bajeti.